Isaac Newton: Aliyeshindwa na kondoo, akauweza mwezi

MATATU inayotoka Mamboleo kuelekea Kondele, jijini Kisumu, inapofunga breki ghafla kwa sababu pikipiki imekatiza mbele yake, abiria wote hurushwa mbele. Hakuna aliyewasukuma. Gari limetii breki, lakini miili yao ingali inaendelea na safari. Utingo aliyening'inia mlangoni hulijua jambo hilo kwa nguvu za mikono yake, hata kama hakuwahi kuketi katika darasa la fizikia.

Mtu aliyelipa jambo hilo kanuni na hesabu zake alizaliwa zaidi ya miaka 380 iliyopita, na maishani mwake mwote hakuwahi kutia mguu nje ya Uingereza. Huyo ni Isaac Newton, ambaye jina lake hutajwa katika shule za upili tangu Mombasa hadi ufuo wa Ziwa Victoria. Hata kipimo cha kani, yaani nguvu inayosukuma au kuvuta kitu, kimepewa jina lake.

Wanafunzi wengi hulisikia jina hilo kwa woga. Kwa miaka mingi, katika mtihani wa kidato cha nne (KCSE), somo la fizikia limekuwa likichaguliwa na watahiniwa wachache kuliko bayolojia na kemia. Maswali ya mwendo, kani na mwangaza yamepata sifa ya kuwa mafumbo ya watu waliojaliwa akili zisizo za kawaida. Hadithi ya tufaha lililomwangukia Newton kichwani, naye akaigundua siri ya ulimwengu papo hapo, imeizidisha sifa hiyo. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuangukiwa na chochote isipokuwa embe hujiuliza ni wapi atakakoyapata majibu yake.

Maisha ya Newton mwenyewe yanaikanusha hadithi hiyo. Yalikuwa maisha ya mtu aliyekwama mara nyingi, akarudi mwanzo, akapima, akaona jibu lake halilingani na vipimo, akaliweka kando, kisha akalirudia baada ya miaka.

Yatima wa Woolsthorpe

Newton alizaliwa katika kijiji cha Woolsthorpe, wilaya ya Lincolnshire, tarehe 25 Desemba 1642 kwa kalenda iliyotumika Uingereza wakati huo, ambayo ni sawa na 4 Januari 1643 kwa kalenda ya leo. Babake, aliyeitwa pia Isaac, alikuwa mkulima asiyejua kuandika hata jina lake, na alifariki miezi mitatu kabla ya mwanawe kuzaliwa. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mdogo na dhaifu kiasi kwamba waliokuwapo hawakutarajia angeuona mwisho wa juma.

Alipotimu miaka 3, mamake, Hannah, aliolewa na kasisi mmoja mzee na kuhamia kwake, akamwacha mtoto kwa nyanyake. Jeraha hilo halikupona upesi. Akiwa kijana wa miaka 19, Newton aliandika orodha ya dhambi zake, na miongoni mwazo alikiri kuwa aliwahi kuwatishia mamake na mumewe kwamba angeiteketeza nyumba wakiwa ndani. Kasisi huyo alifariki mwaka 1653, na Hannah akarudi Woolsthorpe akiwa na watoto wengine watatu.

Newton alipelekwa shuleni katika mji wa Grantham, ulio umbali wa kilomita 11 hivi kutoka kwao. Mwanzoni hakuwa miongoni mwa wanafunzi bora, lakini mikono yake haikutulia. Alitengeneza vinu vidogo vya upepo, saa za maji na saa za kivuli cha jua. Inasimuliwa kwamba dhoruba kubwa ilipovuma mwaka 1658, aliruka mara moja kwa kufuata upepo na mara nyingine kwa kuukabili, akapima miruko yote miwili na kuilinganisha ili ajue upepo ulikuwa na nguvu kiasi gani. Mvulana wa miaka 15 alikuwa tayari amejifunza kwamba kisichoonekana kinaweza kupimwa kwa kile kinachofanya.

Mamake hakuvutiwa na michezo hiyo. Alimwachisha shule ili awe mkulima kama babake. Matokeo yake yamehifadhiwa katika kumbukumbu za baraza la eneo hilo za mwaka 1659: kijana alitozwa faini kwa sababu kondoo wake walifanya uharibifu, nguruwe wake waliingia katika mashamba ya nafaka ya watu, na ua wake ulikuwa umebomoka. Mjomba wake na mwalimu mkuu wa Grantham walimsihi Hannah amrudishe masomoni, naye hatimaye akakubali. Laiti mama huyo angeshikilia msimamo wake, fizikia ingempoteza mtu, na Lincolnshire ingepata mkulima duni.

Mwanafunzi mtumishi

Mwaka 1661 Newton aliingia katika Chuo cha Trinity, Cambridge. Ijapokuwa mamake alikuwa na mali, alimpa fedha kidogo tu, hivyo kijana akasajiliwa katika daraja la wanafunzi waliolipia masomo yao kwa kuwatumikia wenzao matajiri, kwa kuwaandalia meza na kufanya usafi.

Masomo rasmi ya chuo yalikuwa yangali yanamfuata Aristotle, aliyeishi zaidi ya miaka 1,900 kabla yake. Newton alijitafutia vitabu vipya mwenyewe. Kwa mujibu wa masimulizi ya watu waliomjua uzeeni, alipokisoma kitabu cha jiometri cha Mfaransa René Descartes, alielewa kurasa chache tu kisha akakwama. Akarudi ukurasa wa kwanza. Safari ya pili alifika mbele kidogo, akakwama tena, akarudi tena mwanzo. Aliendelea hivyo, bila mwalimu, mpaka akakimaliza kitabu chote.

Katika daftari lake la miaka hiyo aliorodhesha maswali yapatayo 45 kuhusu mwendo, uzito, mwangaza, rangi na mengineyo. Hamu ya kujua ilimfikisha mahali pa hatari: aliwahi kuchomeka kijiti chembamba kando ya mboni ya jicho lake, kati ya jicho na mfupa, ili aone ni rangi gani zingetokea. Ni bahati kwamba hakupofuka, na ni jaribio ambalo halifai kuigwa na mtu yeyote.

Mwaka 1665 tauni iliingia Uingereza na kuua watu wapatao 100,000 jijini London pekee. Chuo kikuu kilifungwa. Wakenya wanaokumbuka jinsi shule zilivyofungwa Machi 2020 kutokana na janga la Covid-19 wanaweza kuipiga picha hali hiyo. Newton, aliyekuwa na umri wa miaka 22, alirudi Woolsthorpe, mahali pale pale alipokuwa ameshindwa kuchunga kondoo. Katika muda wa miezi 18 hivi aliweka msingi wa tawi jipya la hisabati ambalo leo huitwa kalkulasi, akaanza uchunguzi wa rangi, na akajiuliza swali kuhusu mwezi.

Jibu lisilolingana

Tufaha lilikuwapo. Newton mwenyewe alilisimulia uzeeni, lakini hakusema kwamba lilimpiga kichwani. Aliliona likianguka bustanini, akaanza kuwaza: ikiwa mvuto wa dunia unafika juu ya mti, na unafika juu ya mlima, kwa nini usifike hadi mwezini? Na ikiwa unafika, mbona mwezi hauanguki?

Jibu lake ni kwamba mwezi unaanguka kila wakati. Kama usingevutwa na dunia, ungeenda moja kwa moja na kupotea angani. Mvuto ndio unaoupinda mwendo wake, kidogo kidogo, hata ukaizunguka dunia bila kuifikia.

Wazo peke yake halikumtosha, alitaka hesabu. Mwezi uko mbali na kitovu cha dunia kwa takriban mara 60 ya umbali kutoka kitovu hicho hadi ardhini. Ikiwa mvuto hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali, basi huko mwezini umepungua mara 60 kwa 60, yaani mara 3,600. Jiwe likiachiliwa kutoka kwenye ghorofa, huanguka karibu mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Mita 4.9 zikigawanywa kwa 3,600 hubaki takriban milimita 1.4. Hicho ndicho kiasi ambacho mwezi unapaswa kukengeuka kuelekea dunia kila sekunde. Kilichobaki ni kuangalia iwapo mwezi wenyewe, unaomaliza mzunguko wake kwa siku 27 na theluthi moja hivi, unafanya hivyo kweli.

Hapo ndipo alipokwama. Kipimo cha ukubwa wa dunia alichokuwa nacho kilikuwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 10, na tarakimu zake zikakaribiana bila kulingana. Aidha, hakuwa amethibitisha kwamba tufe kubwa kama dunia huvuta vitu kana kwamba maada yake yote imekusanyika katikati. Newton hakuzisukuma tarakimu ili zipendeze, wala hakukimbilia kuchapisha. Aliiweka hesabu hiyo kando. Alipoirudia miaka ya 1680, alikuwa na vipimo sahihi zaidi vya dunia vilivyochukuliwa na Mfaransa Jean Picard, na uthibitisho kuhusu tufe nao aliupata katika miaka hiyo. Mara hii tarakimu zililingana. Kati ya swali na jibu kulikuwa na takriban miaka 20.

Rangi zilizofichwa ndani ya mwangaza

Swali la mwangaza halikumchukua muda mrefu hivyo, lakini lilimletea ugomvi mkubwa zaidi. Wataalamu wengi wa wakati huo waliamini kwamba mwangaza mweupe ni safi, na kwamba rangi hutokea mwangaza huo unapochafuliwa na kioo au maji. Newton alitia giza chumba chake, akatoboa tundu dogo katika ubao wa dirisha, akaupitisha mwali wa jua katika prizimu, yaani kipande cha kioo chenye umbo la pembetatu. Ukutani, umbali wa karibu mita 7, ulitokea mstari mrefu wa rangi, kuanzia nyekundu hadi zambarau.

Wengine walikuwa wameziona rangi hizo kabla yake. Alichoongeza Newton ni swali la pili. Alichukua rangi moja tu kati ya zile, akaipitisha katika prizimu nyingine. Kama kioo ndicho kinachotia rangi, prizimu ya pili ingepaswa kuibadilisha. Haikubadilika, nyekundu ilibaki nyekundu, ila ilipindwa kwa kiasi kile kile kinachoihusu. Kwa hiyo rangi zote zilikuwamo ndani ya mwangaza mweupe tangu mwanzo, na kazi ya kioo ilikuwa kuzitenganisha, kwa kuwa kila rangi hupindwa kwa kiasi chake.

Elimu ya mwangaza haikuanza naye. Zaidi ya miaka 600 kabla yake, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo, alikuwa ameandika kitabu kikubwa kuhusu kuona na mwangaza, kilichosomwa Ulaya kwa karne nyingi. Kupinda kwa mwangaza majini nako kulijulikana. Mtu anayemchungulia samaki akiwa amesimama juu yake kabisa humwona karibu na uso wa maji kuliko alipo. Samaki aliye kina cha mita 1.2 huonekana kana kwamba yuko mita 0.9 tu, kwa kuwa maji huonyesha robo tatu ya kina cha kweli. Anayetumia mkuki asipoijua hesabu hiyo, hulala njaa.

Upinde wa mvua nao ulipata maelezo kamili. Newton alikokotoa kwamba rangi nyekundu huonekana kwa pembe ya nyuzi 42 hivi, na zambarau kwa nyuzi 40 hivi, kutoka upande ulio kinyume cha jua. Hesabu hiyo inaeleza jambo ambalo mkazi wa Kondele anaweza kulithibitisha mwenyewe: mvua ya alasiri ikinyesha, upinde hautokei jua likiwa juu sana. Hungoja jua lishuke chini ya nyuzi 42, yaani kuanzia karibu saa kumi, na hutokea upande wa mashariki, kuelekea milima ya Nandi.

Mwaka 1668 Newton alitengeneza darubini iliyotumia kioo cha kuakisi badala ya lenzi, ili kuepuka rangi zilizokuwa zikiharibu picha. Ilikuwa na urefu wa sentimita 15 hivi tu, lakini ilikuza vitu takriban mara 40. Mwaka 1669, akiwa na umri wa miaka 26, aliteuliwa profesa wa hisabati Cambridge. Mwaka 1672 Jumuiya ya Kifalme ya London ilimpokea kuwa mwanachama, naye akaiandikia kuhusu rangi. Mwanasayansi Robert Hooke akayapinga maelezo yake hadharani. Newton, ambaye hakuweza kuvumilia kukosolewa, alijikunyata kama kobe na kuzificha kazi zake kwa miaka mingi.

Kitabu cha samaki

Aliyemtoa Newton mafichoni ni Edmond Halley, mwanafalaki kijana ambaye kimondomkia maarufu kina jina lake. Agosti 1684 Halley alisafiri hadi Cambridge kumuuliza sayari ingefuata njia gani ikiwa jua linaivuta kwa nguvu inayopungua kwa mraba wa umbali. Newton alijibu mara moja kwamba njia hiyo ingekuwa duaradufu, kwani alikuwa ameshaikokotoa. Alipoitafuta karatasi yenye hesabu hiyo hakuiona, ikabidi aikokotoe upya. Kazi hiyo ilikua na kukua, na baada ya miaka isiyozidi mitatu ikawa kitabu cha Kilatini kilichobadilisha sayansi, Principia, kilichochapishwa Julai 1687.

Wakazi wa Kisumu, jiji la samaki, huenda wakaifurahia sehemu moja ya kisa hicho. Jumuiya ya Kifalme ilikuwa imeahidi kukichapisha kitabu cha Newton, lakini fedha zake zilikuwa zimeshatumiwa kuchapisha kitabu kikubwa cha picha kuhusu historia ya samaki, ambacho wanunuzi walikikwepa. Halley alilazimika kulipia uchapishaji wa Principia kutoka mfukoni mwake. Jumuiya iliposhindwa kumlipa mshahara wake, ilimpa nakala 50 za kitabu kile cha samaki.

Kanuni tatu barabarani

Principia inaanza na kanuni tatu za mwendo. Ya kwanza, ambayo Galileo na Descartes walikuwa wameikaribia, inasema kwamba kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kilicho katika mwendo huendelea kwa kasi ile ile katika mstari mnyoofu, mpaka kani ikibadilishe. Ndiyo inayowarusha mbele abiria wa matatu. Ya pili inafungamanisha kani, maada na badiliko la kasi: mkokoteni uliosheheni viazi katika soko la Kibuye huhitaji msukumo mkubwa kuliko ule mtupu ili ushike kasi ile ile kwa muda ule ule. Ya tatu inasema kwamba kila msukumo hujibiwa na msukumo ulio sawa nao, kwa upande ulio kinyume. Mvuvi wa Dunga anaporuka kutoka kwenye mashua kwenda ufuoni, mashua hurudi nyuma.

Kanuni hizo zinatosha kufumbua swali ambalo lina uzito zaidi ya alama za mtihani. Tuseme matatu inakwenda kilomita 72 kwa saa. Hizo ni mita 20 kwa sekunde. Breki zikiipunguza kasi hiyo kwa mita 5 katika kila sekunde, gari litasimama baada ya sekunde 4. Kwa kuwa kasi imeshuka kutoka 20 hadi sifuri, wastani wake ni mita 10 kwa sekunde. Kwa sekunde 4, gari litakuwa limekwenda mita 40 kabla ya kusimama.

Kasi ikipunguzwa kwa nusu, iwe kilomita 36 kwa saa, gari litasimama kwa sekunde 2. Wastani wa kasi utakuwa mita 5 kwa sekunde, na umbali mita 10. Kasi imekuwa nusu, lakini umbali umekuwa robo. Mtoto anayevuka barabara mita 20 mbele ya gari hilo atapona katika hali moja na kugongwa katika nyingine, na tofauti yenyewe haitokani na bahati wala ustadi wa dereva.

Abiria mwenye kilo 60 katika gari lile la kwanza anahitaji kani ya newton 300 ili asimame pamoja nalo, sawa na kuinua gunia la kilo 30 hivi. Mikono inaweza kuhimili. Lakini gari likigonga ukuta na kusimama kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kani inayohitajika ni newton 12,000, sawa na uzito wa kilo 1,200. Hakuna mikono inayoweza. Kanuni zilizoanza kutekelezwa nchini Kenya mwaka 2004 chini ya aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zikalazimisha matatu ziwe na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, zilikuwa na hesabu hiyo nyuma yake.

Namna ya kulifumbua swali ni ile ile ya Newton mbele ya mwezi: tambua kitu kinachochunguzwa, taja kila kani inayokigusa na upande wake, geuza vipimo viwe vya aina moja, kokotoa, kisha uulize kama jibu linaingia akilini. Mwanafunzi anayepata kwamba matatu ilihitaji mita 4,000 ili isimame hana haja ya kusubiri alama nyekundu ya mwalimu. Barabara yenyewe inamwambia kuwa amekosea.

Ikweta ya Maseno

Kuna jibu moja la Newton linaloihusu Kisumu moja kwa moja. Aliwaza kwamba dunia, kwa kuwa inajizungusha, haiwezi kuwa tufe kamili. Lazima iwe imevimba katika ikweta na kubonyea kwenye ncha. Aliutumia ushahidi wa Mfaransa Jean Richer, aliyepeleka saa ya pendulamu Cayenne, Amerika Kusini, karibu na ikweta, mwaka 1672, na kukuta inachelewa kwa zaidi ya dakika 2 kila siku. Mvuto wa dunia huko ulikuwa hafifu kuliko Paris.

Wataalamu kadhaa nchini Ufaransa walishikilia kinyume chake, kwamba dunia imerefuka kwenye ncha. Miaka ya 1730 misafara miwili ilitumwa kupima ardhi, mmoja kaskazini ya mbali huko Lapland na mwingine karibu na ikweta, Amerika Kusini. Vipimo vilimpa Newton ushindi, ingawa alikuwa ameshafariki. Leo inajulikana kwamba umbali kutoka kitovu cha dunia hadi ikweta unauzidi ule wa kutoka kitovuni hadi ncha kwa takriban kilomita 21. Kiasi alichokadiria yeye kilizidi kidogo, lakini wazo lilikuwa sahihi.

Ikweta hiyo hupita Maseno, mwendo mfupi kutoka Kondele kwa barabara ya Busia. Mfuko wa mahindi ukipimwa hapo kwa mizani ya springi utaonyesha uzito pungufu kwa nusu ya asilimia hivi kuliko ungepimwa katika ncha ya dunia, ilhali mahindi yenyewe hayajapungua hata punje moja. Darasani kani ya mvutano kwa kila kilo huchukuliwa kuwa newton 10. Kisumu, kwa hakika, ni karibu newton 9.78.

Mwanadamu mwenye kasoro

Umahiri katika maswali haukumfanya Newton kuwa mtu mwepesi wa kuishi naye. Mwaka 1693 alipatwa na msukosuko wa akili, akawaandikia marafiki zake barua za kuwashutumu, kisha akaomba radhi. Alitumia miaka mingi katika alkemia, akitafuta siri za kugeuza madini, bila matunda. Alisubiri mpaka Hooke alipofariki mwaka 1703 ndipo akachapisha kitabu chake kikuu kuhusu mwangaza, mwaka 1704. Alipozozana na Mjerumani Gottfried Leibniz kuhusu nani aliyetangulia kuivumbua kalkulasi, Jumuiya ya Kifalme, ambayo Newton alikuwa rais wake, iliunda kamati, na ripoti ya mwaka 1712 iliyomtetea aliiongoza yeye mwenyewe kisirisiri. Leo inakubalika kwamba kila mmoja wao aliivumbua peke yake.

Kuanzia mwaka 1696 alihudumu katika kiwanda cha kifalme cha sarafu jijini London, akawaandama watengenezaji wa fedha bandia kwa ukali, na mmoja wao, William Chaloner, alinyongwa mwaka 1699. Huko pia hakuacha maswali. Mapema mwaka 1697 mwanahisabati wa Uswisi Johann Bernoulli aliwapa changamoto wataalamu wa Ulaya: kitu kifuate njia ipi ili kiteremke kutoka nukta moja hadi nyingine kwa muda mfupi zaidi? Kwa mujibu wa jamaa yake, Newton alirudi kazini akiwa amechoka, akalikuta swali hilo, naye hakulala mpaka alipolifumbua alfajiri. Jibu lilichapishwa bila jina lake.

Malkia Anne alimpa heshima ya Sir mwaka 1705. Mwaka 1720 alipoteza fedha nyingi katika hisa za Kampuni ya South Sea. Aliyeukokotoa mwendo wa mwezi hakuweza kuukokotoa ulafi wa soko. Hakuoa, wala hakuacha mtoto. Alifariki tarehe 20 Machi 1727, ambayo ni 31 Machi kwa kalenda ya sasa, akiwa na umri wa miaka 84, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey kwa heshima iliyozoeleka kupewa watu wa tabaka la juu. Alikuwa mwana wa mkulima asiyejua kuandika.

Mwaka 2011 maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilianza kuweka madaftari yake kwenye intaneti, na yeyote mwenye simu anaweza kuyafungua bila malipo. Mwanafunzi atakayeyapekua hataona majibu yaliyoshuka kama mvua. Ataona mistari iliyokatwa, maneno yaliyochomekwa pembeni, hesabu zilizoanzwa na kuachwa, na nyingine zilizoandikwa upya chini yake.